Motokari ya zamani inapokula maji

Vikundi vingi vya wamama hapa Lubumbashi vina motokari, au vilikuwa nayo, na karibu kila mara ni Toyota iliyokwisha kuzeeka Japani kabla ya kuanza maisha ya pili kwetu. Inashuka melini Dar es Salaam, inapita Tunduma na Nakonde, inavuka Zambia, inaingia kwa mlango wa Kasumbalesa. Usukani wake uko kuume, nasi tunatembea upande wa kuume wa barabara, ndiyo sababu shofere akitaka kupita lori anamwomba mama aliyekaa kushoto amchungulie mbele kama kuna motokari inakuja. Hilo tumelizoea. Tusilolizoea ni motere kupata homa, na homa hiyo imeshamaliza kisanduku cha zaidi ya kikundi kimoja tunachokijua.

Yetu ni TownAce Noah, ya namna iliyotengenezwa kati ya mwaka 1996 na 2001. Ina viti vinane na motere ya esanse ya litre 2, ile mafundi wanayoiita 3S. Tuko wamama 14. Siku za kazi inabeba watoto saba kwenda shuleni na kuwarudisha. Siku ya posho inaenda Kasumbalesa kuleta unga, mafuta ya kupikia na sabuni, ambavyo kila mmoja wetu anauza mahali pake, wengine Katuba, wengine Ruashi, wengine mbele ya nyumba tu. Kila mama anatoa dola 10 kwa mwezi. Mwezi wa 8 kisanduku kilikuwa na dola 1,120, matoleo ya miezi minane, na pesa hizo zilikuwa na kazi moja iliyojulikana na wote: minervali ya watoto wa sekondari mwezi wa 9. Masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure tangu mwaka 2019, lakini mwenye mtoto wa sekondari anajua kwamba bure hiyo haijamfikia.

Basi mwezi wa 6 Noah ilianza kula maji. Shofere aliongeza litre moja kwa juma, halafu litre moja kila siku mbili. Hakuna aliyeona tone chini. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika, kwa sababu katika Noah ya namna hii motere haiko mbele. Iko chini ya viti vya mbele, na ukitaka kuiona lazima uinue kiti. Chini ya kapo fupi ya mbele unaona maji na vitu vichache tu. Mahali penyewe pa ugonjwa mama wa mbele amepakalia.

Kwa nini motere inakunywa maji? Tueleze kama tunavyowaeleza wanafunzi. Esanse inapowaka ndani ya motere inatoa joto kubwa, na sehemu moja tu ya joto hilo inageuka kuwa mwendo. Mengine lazima yaondolewe. Maji yanazunguka ndani ya chuma, yanachukua joto, yanakwenda mbele kwenye radiatere, yanapozwa na hewa, yanarudi. Pompu ndiyo inayoyasukuma. Kati ya motere na radiatere kuna mlango mdogo, termostati, unaofungwa motere ikiwa baridi na kufunguka ikipata moto. Juu ya yote kuna kifuniko, ambacho si kifuniko tu: kina springi inayobana maji ili yasichemke mapema.

Hilo la kuchemka linatuhusu sisi wa Lubumbashi kuliko watu wa pwani. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hapa maji ya sufuria hayangoji digri 100. Yanachemka kwa 96 hivi. Mama anayepika maharagwe ameona tofauti akienda kutembelea ndugu walio chini. Kifuniko kizuri cha radiatere kinayapandisha maji ya motere mpaka zaidi ya digri 110 kabla hayajachemka. Kifuniko kilichochoka, au kile kilichofungwa na kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, kinayaacha yachemke kama ya sufuria. Ni kitu cha dola nane. Na hiyo ndiyo sababu ya katazo ambalo kila mtoto wa nyumba anapaswa kulijua: kifuniko cha radiatere hakifunguliwi motere ikiwa na moto, hata kwa kitambaa, hata na mwanaume mwenye haraka. Maji yaliyobanwa kwa digri 110 yakiachiliwa ghafula yanageuka mvuke mara moja na kuruka usoni. Mnangoja nusu saa, zaidi hata. Mnakaa chini ya mti, mnakula mihogo.

Siku ya posho ya pili ya mwezi wa 8, ikirudi kutoka Kasumbalesa na mifuko ya unga, mshale wa joto ulipanda mpaka mwisho, kilometa 30 hivi kabla ya mji. Ilikuwa mchana, barabara imejaa malori, jua la mwisho wa kipwa linapiga. Shofere alizima motere palepale, na kwa hilo tunamshukuru mpaka leo. Shofere mwingine angesema tusukume tu tufike nyumbani, na leo tungekuwa tunauza vyuma kwa kilo. Wamama wawili waliokuwamo walisimamisha kamioneti, wakalipa kuvutwa, na unga ukafika usiku.

Garaji ya kwanza haikuchukua hata saa moja. Fundi aliinua kiti, akatia maji, akawasha, akasikiliza, akasema:

— Bamama, hii motere ilishakufa. Mutafute ingine ya Japoni, dola 900. Kazi yangu 150.

Dola 1,050. Katika kisanduku zingebaki 70. Tuseme pia jinsi alivyosema: alimwangalia shofere muda wote, ingawa shofere ni kijana tunayemlipa na wenye motokari tulikuwa tumesimama watatu mbele yake. Tuliuliza, imekufa kwa nini? Akajibu kwamba ni mambo ya motere. Tukauliza, tuonyeshe. Akasema hatutaelewa.

Jioni hiyo tulikutana, na mkutano haukuwa mtamu. Mmoja wetu, ambaye mume wake ana taxi, alisema tununue motere upesi maana masomo yanafunguliwa siku ya kazi moja ya kwanza ya mwezi wa 9, na watoto hawataenda kwa mguu. Alikuwa na haki kwa upande wa siku. Mwingine alisema tuuze motokari kama ilivyo. Mama mweka-hazina alikunja mikono, akasema maneno machache tu: pesa haitoki bila karatasi inayosema kitu gani kimevunjika. Alipigiwa kelele. Akakaa na ufunguo wake. Kwetu sisi tunaoandika hapa, neno hilo ndilo lililookoa minervali ya watoto tisa, na lilitoka kwa mama ambaye hajawahi kushika usukani.

Tulimtafuta fundi wa pili. Lubumbashi haikosi mafundi waliojifunza kweli: wako waliotoka Salama, wako waliopita INPP, na wako wazee waliojifunza kazi ndani ya Gécamines wakati kampuni hiyo ilipokuwa bado inafundisha watu wake, wakaondoka mwaka 2003 pamoja na maelfu waliopokea malipo ya kuondoka. Wetu ni mmoja wa wazee hao. Anafanya kazi nyuma ya nyumba yake, hana kibao. Alikuja na kijana wake, akakataa kuwasha motere. Alisema kwanza aione ikiwa baridi.

Aliangalia vitu kwa zamu, na tunaviandika kama alivyovifanya kwa sababu mama yeyote anaweza kuvisimamia kwa macho.

Alivuta kijiti cha kupimia mafuta ya motere, halafu akafungua kifuniko cha kutilia mafuta, akatuonyesha chini yake. Kulikuwa na utando kidogo wa rangi ya maziwa, kama mayoneze. Maji na mafuta yalikuwa yamekutana mahali fulani. (Kidogo tu pale kwenye kifuniko, wakati wa baridi ya mwezi wa 6 na 7, kwa motokari inayotembea safari fupifupi, inaweza kuwa umande tu. Lakini kijiti nacho kikitoka na rangi hiyo, si umande.) Akafungua kifuniko cha maji, akajaza mpaka juu, akamwambia kijana awashe dakika moja. Vitone vya hewa vilianza kupanda mfululizo, kama soda. Motere ilikuwa bado baridi, haiwezi kuwa inachemka. Alisema ile ni hewa ya moto kutoka ndani ya silinda inayoingia kwenye maji. Halafu akazima, akainua kiti, akamulika na simu upande wa pompu. Pale palikuwa na mstari mweupe wa chokaa, umekauka juu ya chuma, kama alama inayobaki katika birika. Pompu ilikuwa inadondosha, na chuma cha moto kilikausha kila tone kabla halijafika chini. Ndiyo maana hatukuona kitu.

Mwisho alifungua nyumba ya termostati. Ilikuwa tupu. Fundi fulani wa zamani, kabla motokari haijawa yetu, aliitoa akaitupa.

Hapa tusimame, maana jambo hili liko katika motokari nyingi za mji, na mafundi wengi wanalisema kwa fahari: Afrika kuna joto, termostati ni ya Wazungu. Si kweli. Termostati haiongezi joto. Inaamua maji yapite wapi. Ikiondolewa, asubuhi za mwezi wa 7 motere inakaa baridi muda mrefu, inakunywa esanse zaidi, na chuma kinasagika. Na katika motere nyingi za Toyota termostati inafanya kazi ya pili: ikifunguka kwa radiatere, inafunga njia fupi ya pembeni. Ukiitoa, njia ile fupi inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji inarudi ndani ya motere bila kupita radiatere hata kidogo. Motokari tupu mjini haitaonyesha neno. Itie mifuko ya unga na jua la mwezi wa 9, ndipo utaona.

Basi ugonjwa wetu ulikuwa na mstari unaoeleweka. Pompu inadondosha, maji yanapungua, njia fupi iko wazi, mzigo mzito, joto linapanda, na mahali pa udhaifu panapasuka. Mahali hapo ni juenti ya kulasi. Motere ya 3S ina mwili wa chuma kizito na kichwa cha aluminiamu, na vitu hivyo viwili havitanuki sawa vikipata moto. Kati yao kuna kibamba chembamba kinachotenga moto, maji na mafuta. Kichwa kikipata joto kupita kiasi kinajikunja kidogo, kibamba kinaungua upande mmoja, na vilivyotengwa vinakutana. Ndiyo mayoneze, ndiyo soda.

Motere haikufa. Ilihitaji kufunguliwa.

Mzee alituandikia karatasi, kila kipande na bei yake, kwa mwandiko wa shule ya zamani ambao ungewaaibisha wanafunzi wetu. Mama mweka-hazina aliisoma mara mbili, akafungua kisanduku. Mama aliyetaka tununue motere nyingine aliuliza swali zuri: mbona tusichukue ya Japoni, iwe safi mara moja? Mzee akamjibu kwa heshima:

— Mama, ile ya Japoni nayo ni ya zamani. Inakuja na pompu yake ya zamani na mkanda wake wa zamani. Hauoni ndani. Hii tunaifungua, tunaiona.

Kichwa kilipotolewa, alikiweka juu ya meza, akasimamisha rula ya chuma juu yake, akapitisha majani membamba ya kupimia chini ya rula. Kwa motere hii kichwa hakiruhusiwi kupinda zaidi ya milimeta 0.05. Chetu kilikuwa 0.12. Ili mwone udogo wa jambo: karatasi moja ya daftari ya mtoto ina unene wa milimeta 0.1 hivi. Nusu ya unene wa karatasi ndiyo inayotenga motere nzima na motere mgonjwa. Fundi anayekuambia kwamba alikipitishia kidole akaona kiko sawa, au aliyekipiga msasa kwa mkono juu ya kioo, mlipe nauli na mwage kwa amani. Kichwa kinapelekwa kwenye mashine, kinasawazishwa, kinapimwa tena. Sisi tulikwenda nacho wenyewe katika kikapu, wamama wawili ndani ya taxi-bus, na kondakta akatulipisha nafasi ya mtu wa tatu.

Kwa kuwa imefunguliwa, tulibadilisha pia mkanda wa meno. Katika 3S mkanda huo ndio unaozungusha pompu ya maji, na Toyota inataka ubadilishwe kila kilometa 100,000. Kwa motokari ya Japani hakuna anayejua kilometa za kweli. Hesabu ya kwenye tablo ni neno la muuzaji. Ukinunua Noah ya namna hii, badilisha mkanda, uanze kuhesabu kutoka hapo. Wenye Noah za mwaka 2001 kwenda mbele wana motere nyingine yenye mnyororo na esanse inayoingizwa kwa namna tofauti. Wasichukue mambo yetu yote.

Juenti inakuwa mpya siku zote, hairudishwi iliyotoka. Vizi za kichwa zinakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, na ufunguo unaopima nguvu. Mzee hakuwa na ufunguo huo, akaukodi kwa siku moja, na alituita tuje tuone akikaza. Tulisimama pale kama wakaguzi wa mtihani wa serikali.

Sasa habari ya termostati, ambayo ilituchekesha. Tulitumwa kununua, na sokoni tukaonyeshwa mbili zinazofanana, moja katika boksi nzuri. Hatukujua ya kuchagua, tukachukua zote kwa makubaliano kwamba moja itarudi. Mzee akasema: wamama, ninyi ndio wenye jiko. Tukawasha mbabula, tukaweka sufuria kuukuu isiyopikiwa tena, tukazifunga termostati kwa uzi zikaning'inia majini bila kugusa chini. Mmoja wetu anayefundisha sayansi alileta kipima joto cha maabara, ila hata bila hicho ungeona. Moja ilianza kufunguka kwa digri 82, taratibu, kama mdomo wa samaki, na maji yalipochemka ilikuwa wazi kabisa. Ile ya boksi nzuri ilichemka na maji, ikakaa imefungwa kama mlango wa mwenye deni. Ingeingia katika motere, tungekuwa barabarani tena kabla ya majuma mawili. Muuzaji aliipokea bila maneno mengi, maana tulikwenda watano.

Hesabu yote ilikuwa hivi, katika dola: seti ya juenti 45, kusawazisha kichwa 40, mkanda 20, pompu 35, termostati 10, kifuniko 8, likide ya radiatere 24, mafuta ya motere na filta 30, kazi ya fundi 120. Jumla 332. Zilibaki 788, na minervali ililipwa. Motokari ilirudi tarehe 10 ya mwezi wa 9. Juma la kwanza la masomo watoto walipanda taxi-bus, wakachelewa mara mbili, na mdogo kuliko wote alipoteza kiatu kimoja katika msukumano wa kupanda. Hiyo hatukuiweka katika hesabu.

Kuna mambo matatu ya nyumbani ambayo mafundi hawayasemi, kwa sababu hawalei watoto wetu.

La kwanza ni likide ya radiatere. Tunaitumia kwa sababu haiachi chokaa wala kutu kama maji ya kisima, na inachelewa kuchemka. Lakini ile ya kawaida ni sumu. Ina rangi nzuri ya kijani au nyekundu kama sharubati, na ladha yake ni tamu. Kiasi kidogo kinaweza kuharibu figo za mtoto na kumuua, na mbwa pia. Isiwekwe hata siku moja katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Bidoni ifungwe, iwekwe juu, na ile ya zamani iliyomwagwa garajini isiachwe katika beseni. Mtoto akiinywa, anapelekwa hospitali saa ileile, hata kama bado anacheza, na bidoni inaenda pamoja naye ili muganga aione. Sufuria ya kupimia termostati nayo hairudi jikoni.

La pili ni moshi. Katika Noah hii motere iko chini ya viti, kwa hiyo ekizosi ikitoboka au vifuniko vya chini ya kiti visipofungwa vizuri, moshi unapanda ndani. Sehemu mbaya ya moshi huo haina harufu. Watoto wakishuka shuleni wanalalamika kichwa na kichefuchefu kila asubuhi, na nyumbani wanapona, angalieni motokari kabla ya kununua dawa ya malaria. Na mtoto aliyelala hawekwi ndani ya motokari iliyowashwa imesimama uani, hata mvua ikinyesha, hata kwa dakika kumi.

La tatu, esanse ya kadhafi. Tunajua kwa nini tunainunua. Stasheni ikikauka, kadhafi yuko kwenye kona na bidoni zake. Lakini mara nyingine ina maji, mara nyingine petroli ya taa. Motere inagonga, inakohoa, inazimika katika kilima, na fundi wa haraka ataanza kufungua vitu visivyo na kosa. Ukilazimika, mwambie atie kidogo kwanza katika chupa nyeupe, uiache itulie. Maji yatakaa chini, utayaona. Na bidoni ya esanse hailali ndani ya nyumba yenye mbabula.

Tangu siku hiyo kuna daftari ndani ya Noah, la kurasa 48, limefungwa kwa kamba kwenye kiti cha mbele. Shofere anaandika tarehe, kilometa, maji aliyoongeza, mafuta aliyoongeza. Mwanzoni alilalamika kwamba tunamfanya mwanafunzi. Sasa ndiye anayetuonyesha: tangu tarehe 10 ya mwezi wa 9 ameongeza maji mara moja, nusu ya kikombe, siku ya pili baada ya kutengeneza, wakati hewa iliyobaki ndani ilipotoka. Halafu sifuri.

Haimaanishi kwamba ugomvi umekwisha. Mama mwenye mume wa taxi bado anasema motokari ya miaka zaidi ya 20 ni shimo, na kwamba wakati wa kuiuza ni sasa, ikiwa inatembea, si itakapolala tena barabarani. Sisi tunaoandika tunaegemea upande wake zaidi ya tulivyoegemea mwezi wa 8, kwa sababu sasa tuna karatasi na daftari la kumwonyesha mnunuzi, na motere tunayoijua ndani. Wengine wanasema, kwa haki pia, kwamba dola tutakazopata zitanunua tena ya Japani ambayo hatuijui, na tutaanza upya na pompu ya mtu mwingine. Mama mweka-hazina hajasema lolote. Anahesabu.

Tutaketi kuamua siku ya posho ya mwisho ya mwezi huu. Vikundi vingine vilituomba vione namna ya kupima maji na kuangalia chini ya kiti. Waje siku hiyohiyo, asubuhi, kabla shofere hajaiwasha. Njooni na kitambaa cha kufutia mikono, na mwenye termostati ambayo haamini aje nayo, mbabula itakuwa tayari.